Kidirisha Tunachokifunga Bila Kukisoma

Jumatano, Julai 2006. Baridi. Jua halijaonekana tangu asubuhi, na mimi sijalitafuta.

Niko saiba, hapa Kangemi, juu kidogo ya soko. Herufi za kibodi hii zimefutika karibu zote, na mama aliye kwenye kompyuta ya pili anaongea na dada yake wa Dubai kama anayemwita kutoka ng'ambo ya barabara. Lakini lazima niandike leo leo. Kichwa kinakataa kunyamaza.

Shajara, umezoea kunisikia nikilalamika kuhusu kazi. Leo silalamiki. Nataka kulieleza jambo moja tangu mwanzo, polepole, kwa sababu hata mimi mwenyewe bado linanishangaza.

Ninafanya kazi katika duka la uchapaji, orofa ya pili, mtaa wa nyuma ya River Road. Tunachapa kadi za harusi, vitabu vya risiti, na ratiba za mazishi zenye picha ya marehemu akitabasamu. Mimi ndiye ninayepanga kurasa kwenye kompyuta. Mwenye duka ni Bwana Mwaura, mtu wa haraka, anayekunywa chai akiwa amesimama. Duka alilinunua kutoka kwa Mhindi mmoja mzee aliyestaafu. Ndani yake akakuta mashine ya kukatia karatasi, makabati ya chuma, na Pushpaben.

Pushpaben ndiye anayechapa Kigujarati. Jina lake ni Pushpa. Hilo "ben" ni dada kwa lugha yao, na sisi sote tumelishika hivyo hivyo. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mjane, anaishi Parklands na mwanawe na mke wa mwanawe. Familia za Kigujarati zinapanda ngazi zetu mbaya kwa sababu yake tu. Yeye ndiye aliyenifunza kazi, na alinifunza kwa ukali. Nikiweka nafasi mbili baada ya nukta, aliziona akiwa upande ule mwingine wa chumba.

Kabla ya Pasaka akapata kiharusi.

Maneno yalirudi. Mguu ukarudi nusu, akaanza kutembea kwa mkongojo. Mkono wa kulia haukurudi. Sote tulienda kumwona, tukakaa kwenye sofa tumeshika glasi za maji ya matunda, tukiongea kwa sauti za kanisani. Halafu tukarudi kazini, na kadi za Kigujarati zikaanza kurundikana mezani kwa Mwaura.

Hapo inabidi nieleze kitu kuhusu mimi.

Mimi hupenda vituko vya kompyuta. Wenzangu wakikutana na kituko huzima mashine na kuiwasha tena, wakashukuru Mungu. Mimi hutamani kirudi nikione vizuri. Siku moja picha yote kwenye skrini ya Mwaura ilipinduka juu chini. Nilimkuta ameshaikumbatia monita, ile kubwa yenye kisogo kizito, anataka kuigeuza yenyewe ikae kichwa chini. Kumbe alikuwa amebonyeza Ctrl, Alt na mshale wa chini kwa pamoja bila kujua. Nikabonyeza mshale wa juu, dunia ikasimama sawa. Aliniangalia kama mganga.

Kuna pia lile dirisha linalopotelea nje ya skrini. Unaliona jina lake pale chini lakini lenyewe halipo. Unashika Alt na kitufe kirefu cha nafasi, unabonyeza M, halafu unalivuta kwa mishale kama mbuzi aliyeingia shamba la jirani. Hakuna aliyenifundisha. Nilijaribu tu mpaka nikajua.

Lakini kulikuwa na kituko kimoja ambacho sikuwahi kukiuliza chochote. Ukibonyeza Shift mara tano mfululizo, kompyuta inalia, halafu kidirisha kinatokea katikati ya skrini. Kila mtu anakijua. Kila mtu anakifunga. Nimekifunga miaka yote hii kama mtu anayempungia mkono muuza miwani pale barabara ya Tom Mboya: hapana, asante, hapana.

Ijumaa iliyopita Mwaura aliniita mezani kwake. Akasema ameamua. Kazi za Kigujarati atazipeleka kwa mchapaji mwingine, na wiki hii ataenda Parklands kuwaambia watu wa Pushpaben wasiendelee kungoja.

"Nyambura, mimi si mtu mbaya," akasema.

"Sijasema wewe ni mbaya."

"Unaniangalia hivyo. Lakini niambie, atachapa aje? Wewe umeona ile kazi yake. Hiyo ni kazi ya mikono miwili."

Na alikuwa na haki. Ile fonti ya Kigujarati tunayotumia, kila kitufe kimebeba herufi mbili. K peke yake inatoa herufi moja. Shift na K zinatoa nyingine kabisa, yenye sauti yake. Huwezi kuandika hata majina ya bwana na bibi harusi bila Shift. Na alama nyingine zinataka Ctrl na Alt na herufi, tatu kwa pamoja. Mkono mmoja unafika wapi?

Nikarudi kwenye kompyuta yangu, nikakaa. Nikiwa sina jibu nina tabia ya kugongagonga kitufe chochote kilicho karibu, na kilichokuwa karibu ni Shift. Kompyuta ikalia. Kidirisha kikatokea.

Kidole kilishaelekea kukifunga. Sijui kwa nini kilisimama.

Nikasoma. Kwa Kiingereza chake kikavu, kidirisha kilieleza kwamba ukikubali, utaweza kutumia Shift, Ctrl na Alt kwa kubonyeza kitufe kimoja kimoja.

Kimoja kimoja.

Nikajiuliza, ni nani angetaka kubonyeza kimoja kimoja wakati ana mikono miwili? Nikabaki nimekodoa macho mpaka Mwaura akaniuliza kama kuna virusi.

Jumamosi tunafunga saa saba. Niliomba funguo nikabaki peke yangu. Nikajifunga mkono wa kulia kiunoni kwa skafu yangu ya shingo, fundo nikalikaza kwa meno, nikawasha kile kitu. Kazi niliyojipa ilikuwa ratiba ya mazishi ya mzee mmoja wa Limuru, ambayo hata hivyo ilikuwa inangoja.

Mwanzo ulikuwa wa ajabu. Unagusa Shift, unaiachilia, inatoa mlio mdogo kama ndege. Hakuna kinachotokea. Halafu unagusa herufi, na herufi inakuja kubwa. Kompyuta ilikuwa imekumbuka. Nikagusa Ctrl, nikaachilia, nikagusa S, na kazi ikajihifadhi. Nilicheka peke yangu mle ndani.

Nikagundua ukigusa Shift mara mbili inajifunga, inabaki imeshikwa mpaka uiguse tena. Mzee wa Limuru akapata mstari mzima wa herufi kubwa kabla sijajua kinachoendelea.

Halafu kitu kikaacha kufanya kazi. Ghafla tu. Shift ikawa Shift ya kawaida. Nikakiwasha tena, baada ya muda kikazima tena. Hapo ndipo nilipokaa zaidi. Sikusikia hata wahubiri wa kule chini barabarani. Kinazima kwa nini? Nilikuwa nakichunguza kama mtu anayechungulia mzinga. Mwishowe nikakigundua: kidole changu kikiteleza na kugusa vitufe viwili kwa pamoja, kile kitu kinadhani mtu mwenye mikono miwili amerudi kwenye kiti, kinajiondokea kwa heshima. Kuna mahali pa kukikataza, ndani ya mipangilio, alama moja ndogo ya kuondoa. Nikaiondoa. Hakikuzima tena.

Nikahamishia kipanya upande wa kushoto. Nikapindua vitufe vyake, cha kulia kikawa cha kushoto, ili kidole cha shahada kifanye kazi ya kidole cha shahada. Ratiba ya mazishi ikaisha. Bega lilikuwa linawaka moto, lakini ikaisha.

Nakiri kitu hapa, shajara, kwa sababu wewe huna mdomo. Saa zile zote sikuwa namfikiria Pushpaben. Nilikuwa nafurahia fumbo. Nilimkumbuka nilipokuwa najifungua skafu, mkono uliporudi na kuanza kuchomwachomwa na damu. Wangu ulirudi.

Jumapili, baada ya kanisa, nilienda Parklands. Mke wa mwanawe alinifungulia mlango, mpole, sauti ya chini. Pushpaben alikuwa amewekwa dirishani na blanketi magotini. Chai yake ilikuwa imemiminwa nusu kikombe, kama ya mtoto.

"Umekuja kuona mgonjwa," akasema. Halikuwa swali.

"Hapana, Pushpaben. Nimekuja na kitu cha kompyuta. Kuna mahali kinanishinda."

"Mimi na kompyuta tumemalizana."

"Kidogo tu. Ni ile fonti yako. Kuna alama zinataka vitufe vitatu, mimi sizijui. Wewe peke yako ndiye unazijua."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeileta fonti kwenye diski, na mpaka saa hiyo sikujua kama ujanja wangu ungekubali vitufe vitatu mfululizo. Aliniangalia muda mrefu, akitafuta mahali nilipoficha huruma. Kisha akashika mkongojo.

Kompyuta ya mwanawe iko pembeni mwa sebule. Nilipomaliza kuipanga, nikamwambia aguse Shift na kuiachilia. Akagusa kwa kidole cha mkono wa kushoto, kwa dharau, kama anayegusa ukuta kuona kama rangi imekauka. Mlio ukatoka. Nikamwambia aguse K.

Herufi ikatokea. Ile ya pili, ile ya Shift.

Akarudisha mkono nyuma kama amegusa jiko.

"Mimi nilikuwa nimeshikilia?"

"Hapana. Uliachilia."

"Na imengoja?"

"Imengoja."

Akarudia. Ikangoja tena. Akajaribu Ctrl, akaachilia, Alt, akaachilia, kisha herufi. Alama aliyoitaka ikakaa juu ya neno, mahali pake kabisa. Nami nikajua nilichokuwa nimekuja kujua. Tukaanza kuulizana maswali wote wawili kwa pamoja. Je, nikikosea Shift naifuta vipi? Je, nikigusa mara mbili? Huu mlio unaweza kunyamazishwa? Mke wa mwanawe akaja akasimama nyuma yetu.

"Mummy, utachoka."

"Ngoja kidogo," Pushpaben akasema bila kugeuka. "Niko kazini."

Nilipokuwa naondoka alinisindikiza mpaka mlangoni, mwendo wa mkongojo, hataki kushikwa. "Watu wote wanakuja hapa na macho ya machozi," akaniambia. "Wewe umekuja na maswali. Basi uambie Mwaura mimi nakuja."

Jumatatu nikamwambia Mwaura. Alikataa. Nikamwonyesha kwa mkono mmoja. Akakataa tena, lakini taratibu zaidi. Kulikuwa na kadi moja ya harusi mezani, baba wa bibi harusi ameshapiga simu mara nyingi, na yule mchapaji mwingine alikuwa hajajibu.

"Siku moja," Mwaura akasema. "Jumatano. Kadi moja. Ikikataa, usiniletee hadithi nyingine."

Jumatano ni leo.

Mwanawe alimleta kwa gari mpaka mlango wa chini. Ngazi alipanda mwenyewe. Mwaura na mimi tulisimama juu tukisikiliza: mkongojo, mguu, mguu, pumzi. Hakuna aliyethubutu kushuka. Alipofika alikuwa amevaa sari ya buluu na sweta la kijivu juu yake, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba sakafu haikupigwa deki.

Akaketi kwenye kompyuta yake, ambayo nilikuwa nimeshaipanga kama ile ya Parklands, kipanya kushoto na vitufe vyake vimepinduliwa. Akaanza.

Ilikuwa polepole. Sitadanganya. Zamani vidole vyake vilikuwa mvua ya mabati. Leo ilikuwa mlio, kimya, herufi. Mlio, kimya, herufi. Mwaura alikuwa anapitapita na kikombe chake, anajifanya anatafuta stepla. Lakini mistari ilikuwa inashuka. Jina la bwana harusi, la bibi harusi, la babu na nyanya wa pande zote mbili. Saa nne ikapita na alikuwa amefika nusu.

Nikashuka chini kuchukua karatasi zilizoletwa na mkokoteni. Niliporudi nilikuta vita.

Mwaura alikuwa ameinama chini ya meza anachomoa kibodi. Pushpaben alikuwa amesukumwa pembeni pamoja na kiti chake, uso mweupe.

"Imekufa," Mwaura akasema. "Kibodi imekufa. Imelia piii, ikakufa."

"Mimi sijafanya kitu," Pushpaben akasema. "Nilikuwa nasoma tu majina. Sikuwa hata naandika."

Mwaura akachomeka kibodi nyingine, yangu. Akagonga. Kimya. Hata hiyo imekufa. Sasa akamgeukia Pushpaben, si kwa hasira, na hicho ndicho kilichoniumiza. Alimgeukia kwa ile sauti ya sofa na glasi za maji ya matunda.

"Pushpaben, si makosa yako. Umejaribu. Mimi ninazima hii mashine, halafu nitakuitia taxi."

"Usizime!" Pushpaben akasema. "Kazi haijahifadhiwa!"

"Ngojeni," nikasema. "Tafadhali, bosi, ngoja."

Kwanza nikashika kipanya, kwa mkono wa kushoto, nikahifadhi kazi kupitia menyu. Hilo lilitupa pumzi. Kisha nikajiuliza. Kibodi mbili haziwezi kufa asubuhi moja. Kwa hiyo kibodi hazijafa. Kuna kitu ndani ambacho hakizisikii.

"Ililia kabla ya kufa au baada?" nikauliza.

"Kabla," Pushpaben akajibu. "Halafu kikaja kile kidirisha."

"Kidirisha gani?"

"Zile takataka zake," Mwaura akasema. "Nikataka kukifunga, kipanya chenu hiki cha kinyumenyume kikaniletea menyu ya ajabu. Nikakandamiza Enter mpaka kikaenda."

Enter. Yaani ndiyo. Kompyuta ilimuuliza swali, naye akajibu ndiyo ili imwondokee.

Swali lenyewe lilikuwa gani? Nikaangalia pembeni chini, karibu na saa. Kulikuwa na kialama kidogo ambacho sikuwahi kukiona: saa ndogo, kama ile ya kocha wa riadha. Nikabonyeza herufi A. Kimya. Nikaibonyeza tena, na safari hii, kwa kuwa nilikuwa nafikiri, nilisahau kuinua kidole.

A ikatokea.

Nikabonyeza haraka: hakuna. Nikashikilia: ikatokea. Kompyuta haikuwa kiziwi. Ilikuwa imeambiwa ipuuze kila mguso mfupi, kama vile kwa mtu ambaye mkono wake unatetemeka na kugusa vitufe asivyovitaka. Ni kitu kingine kabisa, ndugu wa kile cha kwanza, na mimi sikujua hata kama yupo.

Nikakizima kwa kipanya kupitia mipangilio. Lakini nani alikiita? Pushpaben alisema hakuwa anaandika.

"Pushpaben, rudi ukae kama ulivyokuwa umekaa," nikamwambia. "Kama unasoma majina."

Akavuta kiti. Akachukua karatasi ya majina kwa mkono wa kushoto. Na kwa huo mkono wa kushoto, kabla ya kuichukua, akaunyanyua ule wa kulia kutoka mapajani na kuulaza kwenye ukingo wa kibodi, upande wa kulia, kama mtu anayeweka jiwe juu ya gazeti.

"Kwa nini unauweka hapo?"

"Kibodi inatembea," akasema. "Nikiandika na mkono mmoja inakimbia kwenye meza. Huu mkono haufanyi kitu kingine, basi nimeupa kazi ya kushika."

Sote watatu tukautazama. Ulikuwa umelala kimya, na chini ya kiganja chake kulikuwa na Shift ya kulia. Imeshikwa. Imeshikwa kwa muda wote aliokuwa anasoma. Wala hakuisikia, kwa sababu mkono ule hausikii.

Tukangoja. Piii. Na kile kidirisha kikatokea, kwa adabu zake zote, kikiuliza kama angependa msaada.

Mwaura akakaa kwenye kreti la karatasi. Nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa anacheka kimyakimya, mabega yanaruka.

Nikaingia kwenye mipangilio nikakikataza kile kitu kisijibu tena Shift ya kulia, na cha kwanza nikakiacha kama kilivyo. Kisha nikachukua selotepu nene ya kufungia vifurushi nikaigundisha kibodi kwenye meza, pande zote nne. Pushpaben akaisukuma kujaribu. Haikutembea. Akaurudisha mkono wake mapajani, akaupigapiga kidogo, akaendelea na jina la shangazi wa bibi harusi.

Kadi ilimalizika baada ya chakula cha mchana. Tulikuwa tunaikagua wakati baba wa bibi harusi alipoingia mwenyewe, anahema kwa ngazi, kofia mkononi. Hakutusalimia sana. Akachukua nakala ya kujaribia, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akaisoma yote. Kisha akaanza.

Alisema kwa Kigujarati, lakini ukali hauhitaji mkalimani. Kidole chake kilikuwa kinagonga karatasi. Pushpaben alinieleza baadaye kwamba jina la shangazi lilikosa alama moja, na mzee alitaka kujua ni vipi mtu aliyechapa kadi za ukoo wake wote amesahau jina la shangazi, na je, ataisubiri mpaka harusi ipite? Mwaura alisimama, akataka kuingilia kati, akataka kusema mnisamehe, huyu mama amekuwa mgonjwa. Niliona maneno yamefika mdomoni. Pushpaben akamwinulia kidole cha mkono wa kushoto. Nyamaza.

Akaitafuta ile sehemu. Ctrl, akaachilia. Alt, akaachilia. Herufi. Alama ikakaa juu ya shangazi. Akachapa nakala nyingine, akampa mzee bila neno. Mzee akasoma, akanung'unika kitu, akaweka sahihi, akavaa kofia, akaenda zake. Hakuuliza kuhusu mkono. Nina hakika hakuuona. Aliona tu mama mkali wa kadi, na kosa.

Mlango ulipofungwa, Mwaura akasema, "Pole sana, Pushpaben. Yule mzee hana adabu."

Lakini Pushpaben alikuwa anatabasamu, upande mmoja wa uso ukiwa juu ya mwingine, macho yake yote mawili yamejaa maji.

"Amenigombeza," akasema. "Umesikia vile amenigombeza? Toka niwe mgonjwa hakuna mtu amenigombeza."

Mwaura hakujua aangalie wapi. Akachukua kikombe chake, akakuta ni kitupu, akakirudisha. Kisha akamuuliza kama kesho anaweza kuja mapema zaidi, kwa sababu kuna kadi nyingine tatu, na moja ni ya watu wagumu kuliko hao.

Pushpaben alisema ataangalia. Ndivyo alivyosema, "nitaangalia," kama mtu mwenye shughuli nyingi.

Nilimshusha ngazi, yaani nilishuka mbele yake bila kumshika. Kule chini, tukimngoja mwanawe, aliniambia karatasi niliyoiacha mlangoni imezuia njia, na kwamba nimepanga ratiba ya yule mzee wa Limuru vibaya, aliiona mezani, majina ya wajukuu yamebanana.

Kwa hiyo kesho saa mbili kamili niko kazini, shajara. Nikichelewa, atanigombeza.